Mama Aliyeazima Mdomo Wangu

Mwezi uliopita nilipanda tena kile kilima cha upande wa Boito, rafiki yangu, na magoti hayajanisamehe mpaka leo. Sikwenda kwa akili yangu. Mtoto wa chifu ndiye aliyenitumia salamu kwamba darasa letu limebaki watu wawili, yeye na mimi, na kama tunataka kuiona shule yetu kwa macho haya basi ni sasa, kabla hatujaanza kubebwa. Namwita mtoto wa chifu kwa mazoea tu. Sasa ni mzee kama mimi, anatembelea fimbo, sikio moja limeziba, na chifu mwenyewe alishakuwa udongo zamani.

Shule haipo. Nakuambia mapema usije ukaitafuta. Palipokuwa na madarasa mawili ya udongo na bweni la nyasi, sasa ni chai tupu, imekatwa sawasawa mpaka macho yanachoka kuitazama. Ukungu tu ndio haujahama. Bado unapanda kutoka mtoni mchana unapoanza kupoa, unameza kwanza miti, kisha njia, kisha mtu aliye mbele yako.

Wajukuu zangu wakiniuliza nilisoma sekondari gani, huwajibu bila haya kwamba niliimalizia hapo. Miaka ile ya thelathini, darasa letu lilikuwa ndilo mwisho wa elimu katika sehemu zile. Ukilimaliza wewe ni msomi, utakuwa karani au mwalimu, na wasichana watakutazama mara mbili. Tulikuwa wavulana saba, wengine tayari na ndevu, tukivaa kaptula za kaki na miguu mitupu iliyojaa funza. Asubuhi tulikunywa uji wa wimbi uliochanganyika na moshi, tukakaa madarasani hadi ving'ora vya kiwanda cha chai vilie ng'ambo ya bonde, kisha tukashika majembe. Tulilima, tulichota maji, tulikanda samadi na kusiriba kuta. Mwalimu wetu, mtu wa milima ya magharibi aliyefika kwa treni hadi Kipkelion na kumalizia safari kwa miguu, alikuwa akituambia kwamba mwandiko mbaya ni matusi kwa msomaji. Mpaka leo nikiandika barua najihisi ananisimamia mgongoni.

Mimi nilikuwa mtoto wa kambi ya vibarua. Baba alitoka kando ya ziwa kuja kung'oa visiki wakati mashamba ya chai yanafunguliwa, akasahau kurudi. Wenzangu wengi walikuwa Wakipsigis, wenye nchi. Samaki hawakumla kamwe, na mama aliponitumia samaki mkavu waliziba pua na kuniita mla nyoka wa maji. Nami niliwaita wanywa majivu, kwa sababu ya mursik yao, maziwa yanayolazwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa hadi yanageuka rangi ya kijivu. Matusi yangu yalikwisha siku nilipoonjeshwa.

Aliyenionjesha ndiye ninayetaka kukusimulia. Kitanda chake kilikuwa karibu na changu, na ndiye aliyenifundisha lugha yao, akianza na maneno machafu kama kawaida ya walimu wa rika hilo. Alikuwa mtoto wa pekee wa mama yake. Baba yake alimtaka abaki na ng'ombe, na yule mama aligombana na mume wake misimu miwili hadi akamwachia mtoto aende shule. Kila siku ya soko alipanda kilima na kibuyu mgongoni, akasimama nje ya ua, kwa maana hakutaka kuingia penye wanaume wengi. Hapo ndipo sisi tulipokuwa tukimwita mwenzetu kutoka uwanjani. Jina lake lilikuwa refu, la kuimbika, na tulilipenda kwa sababu mlima wa ng'ambo ulilirudisha zima. Tuliita wote saba, yeye mwenyewe akiwemo, mlima ukaita, ndipo akateremka mbio kwenda kwa mama yake, nasi nyuma yake tukimeza mate.

Mwaka wetu wa mwisho mvua ya mawe ilikuja vibaya. Ilitukuta porini tukikata nyasi za kuezekea bweni, ikatupiga, tukarudi tumelowa hadi mifupani. Sisi wengine tulipiga chafya yakaisha. Yeye alishikwa na kichomi. Alikohoa wiki nzima, mkuu wa shule akatuma gari la ng'ombe liitwe limpeleke hospitali ya misheni, na kabla halijafika alikuwa amekata roho. Nilikuwa nimemshika mkono. Sijawahi kuushika mkono mwingine bila kuukumbuka ule.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wasiojua sehemu zile huwalaumu wenzangu bure. Kwao siku zile kijana aliyekufa hakuzikwa. Alipelekwa porini, watu wakageuka na kurudi bila kutazama nyuma. Na kama alikufa kabla hajapata mtoto, jina lake halikutajwa tena. Mkuu wa shule, Mzungu mkaidi lakini si mbaya, alisema huyu atazikwa kama Mkristo. Tukachimba kaburi nyuma ya shule, mwalimu na mimi na kijana mwingine wa kambi. Wenzetu Wakipsigis walitoweka. Waliporudi hawakutaka kulala bwenini, na mkuu akawapigia kelele: "Hapana ogopa kitu. Nyumba ni nyumba tu." Walilala, lakini kitanda chake kilibaki wazi na hakuna aliyeweka hata kofia juu yake.

Mimi kwa ujinga wangu nililitaja jina lake tukiwa tunakula. Kwetu aliyekufa huliliwa kwa jina, hutangazwa hadi majirani wachoke. Mtoto wa chifu aliweka chini tonge lake.

"Usitaje hiyo jina tena, bwana."

"Kwa nini?"

"Mtu akikufa anarudi kwa mtoto wa kwao, anapewa jina yake. Huyu hakuacha mtoto. Ukimwita atakuja, na hakuna mahali ya kuingia. Atakaa tu hapo nje."

Tangu siku hiyo alikuwa "yule" au hakuwa kitu. Tulisoma kwa mtihani tukimzunguka kama watu wanaozunguka shimo. Ukungu ulipopanda tulisikia kikohozi nyuma ya bweni. Huenda walikuwa mbuzi wa mwalimu. Nilijiambia ni mbuzi kila mara, na kila mara nilijifunika blanketi hadi kichwani.

Kisha siku moja ya soko mama yake akaja. Alikuwa amenyoa kichwa, ameacha mapambo yote, na kibuyu kiko mgongoni. Wenzangu walimwona wakaingia darasani mmoja mmoja, si kwa ubaya, bali hawakujua watamwita nani. Huko mwanamke huitwa mama wa fulani. Jina la mwanawe lilipofungwa, la kwake nalo likafungwa. Nikaenda peke yangu. Alinimiminia, nikanywa, akashuka. Alifanya hivyo siku za soko kadhaa, nami niliona aibu kuyakataa maziwa yake.

Wiki ya mwisho kabla ya mtihani alikuja bila kungoja siku ya soko. Ilikuwa alasiri, mvua imeshakatika, ukungu unaanza kupanda.

"Weri," aliniambia, kwa maana ndivyo wanavyomwita mvulana, "kesho kutwa tunahama. Mzee amepata kazi ya ng'ombe kwa Mzungu setla upande wa Kipkelion. Sitapanda hapa tena."

Nikasema safari njema, mama.

"Wanasema wewe ulishika jembe. Unajua alipo."

"Najua."

"Nipeleke."

Nilitazama nyuma. Mtoto wa chifu alikuwa amesimama kwenye kona ya darasa, ametuona na amesikia. Kama angepiga kelele, mambo yangefika kwa baba wa marehemu, na mama yule angehama na alama za fimbo. Kisha akatupa mgongo, akaenda kusimama katikati ya njia, na vijana wadogo walipotaka kupita aliwaambia huko kuna siafu.

Kaburi lilikuwa rundo la udongo mwekundu lililoanza kuota majani. Mama alisimama mbali nalo kidogo. Nilidhani atalia. Hakulia.

"Mwite," akasema.

Nikamwambia wenzangu wamenikataza.

"Wamekataza kwa sababu wao ni wa kwetu. Mimi pia nimefungwa. Wewe si wa kwetu, mdomo wako haujafungwa na mtu. Niazime. Nyumbani hakuna anayemtaja, soko hakuna, hata wewe unaninywea maziwa kimya. Nikifika huko tunakokwenda, hakuna atakayejua kwamba alikuwako. Mwite, weri, nisikie."

Niliita. Sauti ilitoka nyembamba, ya mtu anayeogopa kusikiwa. Mama akatikisa kichwa.

"Si hivyo. Mwite kama mlivyokuwa mkimwita nikileta maziwa."

Nikajaza kifua, nikaweka viganja mdomoni, nikaliita jina lote, refu kama lilivyokuwa, kwa wimbo wetu wa uwanjani. Likaenda ndani ya ukungu. Likakaa huko zaidi ya ilivyokuwa desturi yake, hata nikadhani limepotea. Ndipo mlima wa ng'ambo ukalirudisha. Sikuelewa wakati ule na sielewi sasa kwa nini lilirudi chini chini hivyo, kwa sauti ya mtu aliye karibu. Mama alikuwa amefumba macho, midomo yake inacheza bila sauti.

"Tena," akasema.

Nikaita tena, na tena, mpaka nikakaukiwa. Aliponiona siwezi, alifungua kibuyu, akamimina maziwa yote udongoni, taratibu, kama alivyokuwa akitumiminia sisi.

"Sasa nimemsikia," akasema. "Nilikuwa nimeanza kufikiri niliota tu kwamba nilizaa."

Akashuka. Alipita karibu na mtoto wa chifu bila kumtazama, naye aliinamisha kichwa. Hatukumwona tena. Siku chache baadaye tulifanya mtihani, wavulana sita, na baada ya matokeo shule ikachinja mbuzi, mkuu akatupa mkono mmoja mmoja na kutuambia tusiwe wavivu. Tukaagana pale mlangoni tukicheka kwa nguvu kuliko furaha yenyewe. Hakuna aliyesema kwamba tulikuwa pungufu.

Mimi nilipata kazi ya ukarani kiwandani, na nchi ile ikanishika kama ilivyomshika baba. Nilioa binti wa Kipsigis. Baba mkwe alinipima kwa macho muda mrefu, kisha akanionyesha pa kujenga. Watoto wangu walipozaliwa, bibi zao walikaa karibu na moto, wakawapakaza ugoro puani na kuwatajia majina ya wazee wao waliokufa, na jina ambalo mtoto alilipigia chafya ndilo alilopewa. Nilikaa pembeni nikiomba kimoyomoyo nisikie lile refu. Nilijua halitatajwa. Mezani kwangu nimejifunza kusema "yule" kama wao, kuuma ulimi mahali wanapouma, na kunyamaza mahali wanaponyamaza. Sikujilazimisha. Ilikuja yenyewe, kama mvi.

Basi mwezi uliopita tulisimama sisi wawili katikati ya chai. Kaburi liko chini ya vichaka hivyo, safu ipi sijui kwa hakika, na wachumaji hupita juu yake na vikapu vyao kila asubuhi. Ukungu ulikuwa umeshafika magotini. Mtoto wa chifu aliegemea fimbo akatazama ng'ambo ya bonde. Kisha akasema bila kunigeukia:

"Ile siku nilikusikia. Sikio yangu ilikuwa mzima bado."

"Najua."

"Mimi sikuziba masikio. Nilitaka kusikia." Akachomeka fimbo udongoni. "Mwite, bwana. Mara moja tu, kabla hatujaenda sisi pia. Mimi siwezi. Wewe si wa kwetu."

Miaka arobaini nilikuwa sijaambiwa neno hilo, na mtu huyu alilisema kwa heshima, kama anayebisha hodi. Nilijaza kifua. Niliweka viganja mdomoni. Jina lilipanda lote, sikusahau hata herufi moja, likafika kwenye meno. Na hapo likakaa. Nikamwona mke wangu, nikaona watoto wangu na majina yao ya wafu wa watu, nikasikia nafsi yangu ikisema, kwa lugha isiyo ya mama yangu, usimwite, atakuja, na hana pa kuingia. Mikono ikanishuka yenyewe.

Rafiki yangu alikuwa bado ametega lile sikio zima. Alingoja hata akaelewa. Akanigeukia, uso umemlowa.

"Basi na wewe ni wa kwetu," akasema, na akalia mpaka nikamshika mkono, kwa sababu sasa hapakuwa tena na mtu yeyote wa kumwita yule.