Baba Mkubwa Anakufa Kila Stima Ikirudi

Mimi ndiye niliyemuua baba mkubwa. Mara mbili! Na bado yuko hai, anachuma majani chai kule Nyacheki, ila haongei na mimi. Kosa ni langu, sikatai.

Niliishia kidato cha nne, kompyuta nikajifunza kwa video za simu. Nikaona nitengeneze tovuti ndogo ya matangazo ya mazishi, maana huku kwetu mtu akikosa mazishi kwa kuchelewa kupata habari, lawama haziishi. Nikatumia fremuweki ya Java, yaani kiunzi cha programu ambacho wengine wameshakijenga. Mwalimu wa video alisema ni rahisi. Kwa haki, ilikuwa rahisi. Mgumu ni mimi.

Alisema tuweke jina la kujaribia ndani ya programu, tuone kama ukurasa unafanya kazi. Si ningeandika "Fulani"? Nikaandika jina kamili la baba mkubwa. "Ametuacha ghafla." Na nikaona limependeza!

Mwenyekiti wa kamati ya mazishi akaniuliza, "Iko tayari?" Nikasema iko. Yeye hakukosa kitu. Alifika kwake, akaifungua, akalia, akatuma kwa grupu la ukoo.

Shangazi zangu waliingia Nyacheki wakipiga nduru tangu barabarani. Marehemu akatokea nyuma ya zizi.

"Mnamlilia nani?"

"Wewe, Tata, kaka yetu!"

Nilipiga magoti, nikafuta jina mbele ya macho yake. Akacheka kidogo. "Basi nimefufuka. Jumapili twende Keumbu."

Keumbu ni kwa wazazi wa mchumba wangu. Baba yangu alishafariki. Baba mkubwa ndiye angenisemea. Sina mwingine.

Jumamosi ya Sabato tukiwa kanisani, stima ikapotea. Iliporudi, kompyuta yangu ikajiwasha yenyewe, nilivyoipanga nikijiona fundi. Yaye! Nilikuwa nimefuta jina kwenye ukurasa tu. Ndani ya programu lilibaki, kwa hivyo kila ikiwashwa, baba mkubwa anakufa upya. Na mimi nilikuwa naimba kwaya.

Jumapili asubuhi, tukifunga tai, wakwe wakatuwahi. Walikuwa wameona tangazo kwenye tovuti, wakaja na turubai, mkungu wa ndizi na akina mama wa kulia. Babake mchumba wangu akasimama mlangoni, akamtazama baba mkubwa na suti yake mpya.

"Kwa marehemu, umevaa vizuri."

Hakuna aliyecheka. Akanigeukia mimi. "Kijana, kama unazika msemaji wako mwenyewe, binti yangu utamfanya nini?"

Baba mkubwa akavua koti polepole. "Maiti haendi kuposa. Tafuta aliye hai."

Mchumba wangu hapokei simu. Simlaumu. Ningekuwa yeye, nisingepokea.

Ndugu zangu mnaojifunza mambo haya, nawasihi: mkitaka jina la kujaribia, andikeni lenu! Mimi sasa nimeandika langu. Juzi stima ilipotea, ikarudi, nikafa.

Hakuna aliyekuja kulia.