Shoka la Mageni

Juni ya mwaka huu wa 1953, karibu na Geita, askari wa misitu alimnyang'anya Mageni shoka kwa kosa la kukata mgunga uliokwisha kufa. Binti wa Mageni alikuwa amejifungua alfajiri ile, na kwa desturi yao mzazi huota moto usiozimika mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Moto huo hautaki moshi. Ndiyo maana Mageni alikuwa akigonga kila mti kwa mpini wa shoka na kuuacha ule wenye sauti nzito ya ubichi.

"Tua kuni, mama!" askari aliamuru.

"Njoo uzitue mwenyewe, baba. Kisha twende ukamwambie mjukuu wangu kwamba baridi ni amri ya serikali."

Wanawake waliofuatana naye wakaangua kicheko. Askari akabaki na shoka. Mageni akaenda zake na mzigo kichwani. Tangu hapo huvunja matawi makavu kwa mikono, mchana kweupe, katika msitu uleule, huku malori ya mgodi wa dhahabu yakipita yamesheheni magogo mabichi wala hayasimamishwi.

Mabwana wa misitu, mrudishieni Mageni shoka lake, na amri yenu ianzie kwenye malori hayo.