Gari la Babu Linavuja

Harufu ya oili iliyoungua bado hunisumbua. Wiki iliyopita niliisikia tena uwanjani kwetu Ipyana, pale babu alipokataa kushika spana. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, fimbo katikati ya magoti, akanyoosha kidole kwenye pikapu yake kuukuu na kuniambia, "Mwaga oili wewe, Atu. Mimi nilishawahi kusahau wosha ya bolti nikataka kuua injini. Mzee akishasahau mara moja, hafai tena." Alisema huku akicheka. Mimi sikucheka, na siku tatu zilizofuata sikupata usingizi wa maana, kwa sababu babu hakusahau wosha yoyote. Wosha ile niliipoteza mimi nikiwa na miaka kumi, na kwa miaka kumi na mitano nimekuwa mtu pekee anayelijua jambo hilo. Nimwambie, au nimwache na amani aliyoizoea? Na nikimwambia yeye, nitakwepaje kumwambia mama, ambaye jeraha lake ni kubwa zaidi? Nimesoma chuo kikuu miaka mitatu, nikafundishwa kupima hoja pande zote, na nadhani hilo ndilo lililoniharibu. Nililigeuza swali lile kama watu wanavyogeuza kakao juani, upande huu, upande ule, na halikukauka.

Mwaka ule wa wosha, ilikuwa mwezi wa sita, wakati wa likizo. Mvua zetu, ambazo huku Kyela hazina adabu, zilikuwa zimepungua, na mpunga wa Busale ulikuwa ukivunwa. Uwanja wetu ulijaa mikeka ya kakao iliyochachuka, harufu yake kali kama ya togwa iliyosahauliwa, na kando yake magunia ya mpunga yakisubiri safari. Pikapu ya babu ndiyo iliyopandisha mchele hadi Mbeya, kwenye ule mlima wa Tukuyu ambao hausamehe injini mbovu. Gari lile ndilo lililotulisha na kutusomesha. Babu hakumruhusu fundi yeyote aliguse. Oili aliimwaga mwenyewe, nyumbani, kila baada ya safari kadhaa, na siku hiyo ilikuwa kama sikukuu. Kwetu huwezi kuchimba shimo la kuingia chini ya gari, maana ukifika magotini tu maji yanakukaribisha. Kwa hiyo babu alijenga vilima viwili vya tofali na magogo, akapandisha magurudumu ya mbele juu yake, akayawekea ya nyuma mawe, kisha akaacha injini ingurume kidogo ili oili ipate moto na kushuka vizuri. Majirani walikuja na chupa zao kuomba ile oili chafu, wakapake nguzo za nyumba dhidi ya mchwa. "Ndaga, ndaga fijo," walishukuru, na babu alijibu kama mtu aliyegawa nyama.

Lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo kisa hiki hakieleweki. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe wake hawakutazamana wala kusemezana. Siku hizi kanisani wanakaa benchi moja na wengi wameyaacha hayo, lakini babu na mama waliyashika. Baba yangu alifanya kazi mbali, akirudi mara chache kwa mwaka, hivyo tuliishi watatu: babu kwenye nyumba ya mbele, mimi na mama nyumba ya nyuma. Mama akisikia kikohozi cha babu njiani, aliingia kwenye migomba na kugeuza uso mpaka apite. Hakulitaja jina lake. Chakula alikipika yeye, nikakipeleka mimi. Haikuwa chuki hata kidogo. Babu aliponiuliza, "Waliolala nyuma wameamka salama?" alimaanisha mama, na mama aliponiambia, "Kaangalie kama wa mbele ameshiba," sauti yake ilikuwa na upendo. Heshima yao yote ilipita kwenye mdomo wangu. Nilijivunia kazi hiyo, na sikuwahi kufikiri kwamba daraja nalo linaweza kuwa bovu.

Siku ile mgongo ulimsumbua babu, akasema niingie mimi chini ya gari. Nililala juu ya gunia, nikafungua bolti ya chini ya sampu, lile bakuli la chuma linalobeba oili ya injini. Babu alikuwa amenionya nikwepeshe mkono, lakini niliukwepesha kwa kuchelewa. Oili ya moto ilinirukia kwenye kifundo, nikaitupa bolti kwenye beseni la kukingia oili pamoja na wosha yake, kile kipete chembamba cha shaba kinachokaa kati ya bolti na sampu ili oili isipenye. Bolti niliiona. Wosha sikuiona. Nilipapasa ndani ya oili mpaka vidole vikawa vyeusi, nikapapasa kwenye majani, nikapapasa kwenye pumba za mpunga zilizotapakaa pale chini. Juu yangu niliona miguu ya babu tu, ikisogea huku na huku, ikingoja. Jirani mmoja alikuwa ameshaanza kuomba beseni lake la oili chafu. Ningesema tu, "Babu, wosha imepotea." Maneno matatu. Lakini siku chache kabla nilikuwa nimevunja taa yake ya mkononi, naye aliniambia kwa upole, "Mikono yako ina haraka, Atu." Upole ule ulinitisha kuliko kiboko. Nikarudisha bolti peke yake, nikaikaza kwa spana mpaka meno yakauma. "Umefunga na wosha yake?" babu aliuliza. Nikasema ndiyo. Akamimina oili mpya, akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akapima tena, akaridhika. Beseni likachukuliwa na jirani, na wosha, kama ilikuwa humo, ikaenda nalo.

Alfajiri ya siku iliyofuata mama alikuwa akifagia uwanja wakati magunia yakipakiwa. Nilimwona akisimama, akiinama, akigusa mchanga chini ya injini na kunusa kidole. Mama alikulia Mwaya kwenye nyumba yenye mashine ya kukoboa mpunga, injini alizijua. Akaniita nyuma ya jiko. "Nenda mbele, upesi. Sema: mama anasema gari linavuja oili, lisipande mlima." Nilikimbia. Naikumbuka kila hatua ya uwanja ule, umande kwenye nyayo. Nikisema linavuja, atainama. Akiinama, ataona. Akiona, atajua kwamba nilimdanganya. Babu alikuwa tayari ameshika mlango wa gari. "Enhe, mjumbe, wa nyuma wanasemaje?" Na mimi, nikimtazama vifungo vya shati, nikasema, "Mama anasema safari njema." Akacheka kwa furaha. "Waambie ndaga."

Nilirudi jikoni. "Umemwambia?" mama aliuliza. "Ndiyo." "Amesemaje?" "Amesema ameshaona." Mama aliushika tena ufagio. Baba mkwe akisema ameona, mkamwana hana la kuongeza. Injini ikawaka. Nilimtazama mama akitazama gari, mdomo wake ukicheza bila sauti, na nikaomba Mungu gari liondoke haraka, kisha nikaomba lisiondoke, kisha sikujua ninaomba nini. Tone lilidondoka, na jingine. Gari lilipoanza kusogea, mama aliutupa ufagio, akakimbia akapita kuku na mikeka ya kakao, akasimama katikati ya njia mbele ya pikapu, kanga imefunika nusu ya uso, macho yakitazama migomba. Breki zililia. Hakuna aliyewahi kuona jambo kama lile uwanjani kwetu. Wapakiaji waliganda juu ya magunia.

"Wewe gari," mama alisema, maana hakuweza kumsemesha babu, "unakwenda wapi na hali unavuja oili? Unataka ukamwue nani mlimani?"

Babu aligeuza uso wake upande wa pili, akazima injini. Nilisikia oili ikidondoka. Mpakiaji mmoja, mtani wa mama, alijaribu kuokoa hali: "Gari, jibu basi! Umeulizwa na mwenye nyumba." Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa ameshakimbilia nyuma ya jiko. Ndipo babu akawaambia wale vijana, kwa sauti ya mtu aliyevuliwa nguo hadharani, "Si angemtuma mtoto? Mtoto yupo." Mama alisikia. Alichokisikia yeye ni kwamba mzee ameambiwa, akapuuza, na sasa anakana mbele ya watu. Alichokijua babu ni kwamba mkamwana amemvunjia heshima bila sababu. Kila mmoja alikuwa na haki, na desturi ilimkataza kila mmoja kumuuliza mwenzake. Njia pekee ya kuulizana ilikuwa mimi.

Babu alishuka, akalala chini licha ya mgongo wake, akafungua bolti. Alikaa kule chini muda mrefu. "Wosha sikukupa, eh? Nilikuuliza tu, nawe ukaitikia?" aliuliza. Nilikuwa na nafasi ya tatu, na nadhani hiyo ndiyo iliyoniandama zaidi, kwa sababu aliniwekea jibu mdomoni. "Hukunipa, babu," nilisema. Alitoka akiwa amezeeka. Sisemi hivyo kwa kupamba, niliuona uso wake. Tangu siku hiyo gari lilipelekwa kwa fundi mjini, na spana zake alizifunga kwenye gunia. Mama naye alinituma na tetea mweupe. "Sema: mama anaomba radhi kwa kusimama mbele yako." Ujumbe huo niliufikisha neno kwa neno. Babu alimpokea kuku, akasema, "Yamekwisha." Hayakuisha. Hakuuliza tena kama waliolala nyuma wameamka salama, na mama hakunituma tena kuangalia kama wa mbele ameshiba. Chakula kilikwenda, vyombo vikarudi. Mara moja tu, nikiwa sekondari, mama aliniambia akichambua mchele, "Mwaka ule babu yako aliniona si mtu." Nikainama kumsaidia kutoa chuya. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema kitu juu ya anayeficha dawa ya maradhi ya wengine.

Sasa mambo yamebadilika kwa namna ambayo hata wazee wa kanisa hawakuipangia kikao. Babu ana simu ndogo ya vitufe. Kuonana uso kwa uso bado hawaonani, lakini simu haina uso, na hakuna aliyewahi kuikataza. Mwaka jana babu alipougua, mama alianza kumpigia kutoka jikoni, hatua thelathini kutoka alipolala. "Baba, ugonile?" huuliza kila asubuhi kujua alivyoamka, na babu hujibu kwamba ameamka, dawa amekunywa, uji ulikuwa mzuri. Dakika moja, wanakata. Wakati wa utoto wangu neno lao moja lilihitaji miguu yangu, na leo halinihitaji. Nilipokuwa nikihesabu sababu za kunyamaza, hiyo ilikuwa mojawapo: wamefika mbali bila mimi, kwa nini niwarudishe? Nilihesabu pia uzee wa babu, shinikizo lake la damu, hasira ya mama, na aibu yangu, ambayo niliiweka mwisho ili ionekane ndogo. Lakini kila nilipofika mwisho wa hesabu, nilimkuta babu akicheka na kusema hafai tena. Alikuwa amejitia hatiani kwa ushahidi wangu. Na mama alikuwa ameomba radhi kwa kuokoa injini, labda na maisha.

Jana asubuhi nilimwaga oili ya pikapu. Nilipoingia chini niliikagua bolti mara nne, nikaikaza, nikaifungua nione tena, nikaikaza. Babu alinitazama kutoka kwenye kigoda. "Wewe utaichosha hiyo bolti," alisema. Nilipotoka sikunawa. Nilijua nikienda kunawa nitarudi na sababu mpya. Nikakaa chini karibu na miguu yake, nikampigia mama, nikaweka sauti ya nje. Alipopokea nikasema, "Mama, usikate. Babu yupo hapa, anasikia." Kisha nikasema yote kwa mpangilio uliotokea: oili ya moto, pumba, ndiyo ya kwanza, safari njema, ameshaona, hukunipa babu. Nilipomaliza nilisikia sufuria likichemka upande wa mama.

Babu alitazama mikono yangu, kisha simu. "Kumbe alinitumia neno," alisema.

"Nilikutumia, baba," simu ikajibu.

"Halikufika."

"Sasa nimejua, baba."

Nikaanza tena, haraka haraka, kwamba nilikuwa mtoto, kwamba niliogopa, kwamba nilitaka kusema mara nyingi. Mama akanikatiza. "Atu, umeshasema. Mpe baba simu, wewe ondoka hapo." Nikaiweka simu kwenye kiganja cha babu, nikasimama, nikaondoka.