Kumkosha Mama, Dada Yuko Barbados

Siku mama alipokufa nyumbani kwetu Bawshar, huku Uarabuni, dada yangu mkubwa alikuwa Barbados. Ati Barbados! Anafanya kazi kwenye hoteli ya pwani ya magharibi, wilaya ile ile waliyoanza kuhamia Waingereza. Hoteli yenyewe zamani ilikuwa nyumba ya bwana wa mashamba ya miwa, na leo matajiri wanalipa kulala humo.

Mama kazi ile hakuipenda hata kidogo. "Unakwenda kutandika vitanda kwenye nyumba ya wenye watumwa?" alimwambia.

Dada akamjibu, "Na karafuu za babu yako kule Unguja, mama, zikichumwa na nani?"

Mama akasema, "Haya, nenda. Lakini nikifa unikoshe weye. Sitaki mtu mwengine." Dada akaapa.

Mama akafa adhuhuri. Nilipompa dada habari alipiga ukelele kwenye simu: "Nnakuja! Msimguse mpaka nifike!" Na kufika kwake ni kesho kutwa, ndege ipitie London.

Nikamwendea mjomba, mkubwa wetu, nikamshika miguu. "Mjomba, tumweke hospitali, siku mbili tu."

"Maiti hawekwi, mwanangu. Tunazika baada ya Magharibi."

Nikalia, nikampigia kelele mbele ya watu, nikamwambia hana huruma. Wanaume walikuwa washakwenda kuchimba kaburi.

Alasiri jirani yetu, bibi anayekosha maiti, akaja na majani ya mkunazi na kafuri. Nikampigia dada. Picha nikaizima, kumsitiri mama, simu nikaiweka dirishani. "Dada, sema weye. Mie ntakuwa mikono yako."

Kwake ilikuwa asubuhi. Kajificha stoo ya mashuka, na nyuma yake nikisikia sahani za wageni wanaostaftahi, na mtu anacheka. Nilimchukia mtu yule.

"Bismillahi," dada akasema. "Anza kuliani. Mkono. Taratibu bega hilo, linamuuma."

Bibi akanitazama. Nikaenda taratibu.

"Maji yasiwe ya moto. Hapendi."

Nikaongeza ya baridi. Kisha kwikwi za kilio zikamshika dada, asiweze kusema tena. Tukamaliza wenyewe, tukamkausha mama, tukamvika sanda.

Mjomba akagonga mlango: jeneza limefika.

"Mshamaliza?" dada akauliza.

"Bado," nikamwambia. "Bado mguu wa kushoto. Niambie nifanye vipi."