Nilivyompelekea Bwana Harusi Farasi wa Kimo cha Mbuzi

Kuna watu wa Harrow, hapa London, ambao mpaka leo nikiwaona upande huu wa barabara navuka upande ule, na si kwamba tumegombana, naona aibu tu. Najua nyinyi mmeshasikia robo ya mambo haya kutoka kwa watu ambao hata hawakuwepo (na wameongeza chumvi, eti farasi alikula keki, hapakuwa na keki hata moja pale), kwa hiyo heri mniulize mimi mwenyewe, niaibike mara moja, yaishe.

Mnajua nilikotoka. Mimi ni saisi, mtoto wa saisi, nimelelewa kwenye mabanda ya farasi wa mbio kule Nairobi, farasi hasa, ambao ukisimama ubavuni mwao huoni kitu ila bega na mbingu. Nilipokuja London mwanzoni mwa miaka ya tisini nilifagia maofisi kama kila mtu, lakini roho haikutulia mpaka nikapata farasi jike wawili weupe, Malkia na Almasi, nikawaweka kwenye shamba la kukodi huko nyuma ya Harrow nyumba zinapokwisha, na kila wikendi ya kiangazi nikawa nawapeleka kwenye harusi za Wahindi. Bwana harusi wao (na wengi ni Wahindi wa kwetu, wa Nairobi na Kisumu na Kampala, Kiswahili wanakiongea bila haya) haendi ukumbini kwa miguu, anakwenda juu ya farasi mweupe, ngoma mbele, mashangazi wanacheza katikati ya barabara mpaka mabasi yanasimama. Mbele kabisa, aliyeshika hatamu, kilemba chekundu kichwani, ni mimi. Nilikuwa mtu, jamani.

Basi siku moja Almasi akanisukuma ukutani, nyonga ikavunjika, na daktari akaniambia niwasahau wanyama wakubwa. Mke wangu, Mama Ndinda, ambaye anawatunza wazee kwenye nyumba moja ya wazee kule Wembley, akakaa kando ya kitanda changu cha hospitali akasema, "Baba Ndinda, chagua mwenyewe. Wale farasi au hiyo nyonga." Nikafikiri, nikachagua nyonga. Kumbe mwenzangu alikuwa keshamaliza kupanga. Natoka hospitali na mikongojo yangu, nafika shambani nakuta Malkia na Almasi wameshapata mnunuzi, na mahali pao bandani amesimama kiumbe mmoja mweupe, ananifika kiunoni, nywele zimemfunika macho, ananitazama kama mimi ndiye mgeni.

Nikauliza, "Mama yake yuko wapi?"

"Hana mama, ana miaka tisa," Mama Ndinda akajibu. "Ndio kimo chake. Anaitwa Sukari."

Niseme ukweli, nilimdharau tangu dakika ile. Farasi gani unamwogesha kwenye karai? Farasi gani anapita chini ya meza ya chakula bila kuinama? Na kazi yake ndiyo ilinimaliza kabisa: tulikuwa tunamvalisha viatu vinne vya mpira vya mtoto ili asiteleze, tunamwingiza nyumba ya wazee kupitia mlango wa mbele, anapanda lifti (lifti, nyinyi!), anatembea kwenye zulia taratibu, na akiona mtu yeyote kwenye kiti cha magurudumu anamwendea moja kwa moja, anamlazia kichwa mapajani, anangoja karoti. Hiyo ndiyo kazi. Mimi niliyewahi kushika farasi dume anayerusha mateke nikawa natembea na mfuko wa karoti nyuma ya kitu kinachofanana na mbuzi aliyekwenda saluni. Wazee walikuwa wanalia kwa furaha, na mimi nilikuwa nikiangalia saa.

Sikumwambia mtu. Kanisani wakiniuliza, "Bado unao wale farasi, ndugu Mutiso?" nasema, "Farasi wapo," halafu nageuza mazungumzo kuwa ya hali ya hewa, na kwa bahati London hali ya hewa haiishi.

Sasa, kiangazi cha mwaka elfu mbili na tatu, simu ikalia, na aliyepiga ni Bwana Jayanti. Huyu mzee ndiye aliyekuwa na farasi sita kwenye yale mabanda ya Nairobi, na mimi nikiwa na miaka kumi na tisa, masaisi wazima wenye ndevu wamesimama pale, akaninyooshea kidole akasema farasi wake bora nimtunze mimi. Walinuna mwezi mzima. Maishani mwangu hakuna mtu mwingine ambaye nilitaka anione nikiwa nimesimama wima kama yeye, na sasa kumbe alikuwa Harrow, na amepata namba yangu.

"Mutiso! Wewe iko hai?" akapiga kelele. "Kijana yangu naoa. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba. Farasi iko?"

"Yupo, mzee."

"Nyeupe?"

"Mweupe pe."

"Hapana kali?"

"Hata mtoto mchanga anamshika."

"Basi, kwisha maneno. Wewe kuja na mama."

Mnaona? Sikusema uongo hata neno moja. Aliuliza rangi, aliuliza tabia, na kimo hakuuliza kwa sababu duniani hakuna mtu mwenye akili anayeuliza kimo cha farasi. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Mzee, lakini ni mdogo," maneno manne tu, na nikayameza. Mama Ndinda alikuwa mlangoni na sufuria mkononi, amesikia yote, akatingisha kichwa akarudi jikoni.

Mpango nilikuwa nao, msidhani mimi ni mjinga kabisa. Kulikuwa na Mwairishi mmoja mashariki ya London, mwenye farasi jike mkubwa mweupe, mtu ambaye nilikuwa nimemdharau miaka kumi kwa jinsi anavyofunga tandiko, nikaenda nikanyenyekea nikamwomba aniazime, akakubali. Ijumaa mchana akapiga simu: farasi anakohoa, hatoki bandani. Nikapigia kila mtu ninayemjua. Jumamosi ya mwezi wa saba, kila farasi mweupe wa London alikuwa ameshapata bwana harusi wake.

"Mpigie mzee umwambie," Mama Ndinda akasema.

"Nitamwambia uso kwa uso," nikasema. "Ndiyo heshima."

"Heshima ipi hiyo? Wewe unaogopa."

Nikajifanya sijasikia. Tulikuwa na kigari chekundu ambacho Sukari alikuwa anawazungushia wazee kwenye bustani, mmoja mmoja, nikakipangusa, nikakivisha pazia la dhahabu la sebuleni kwangu, nikamchana Sukari nywele, nikamfunga shada la maua, nikavaa kilemba changu chekundu, na asubuhi tukafunga trela kwenye gari tukaenda. Njia nzima nilikuwa najiambia kwamba kigari ni jambo la kisasa, kwamba watu watasema, aa, Mutiso amebuni kitu. Mtu akiamua kujidanganya hakosi nauli.

Tulifika kwenye maegesho nyuma ya ukumbi. Watu kama mia mbili, sari za kila rangi, wapiga ngoma wawili wenye ngoma za kuning'inia shingoni, bwana harusi na kilemba chake na upanga wake wa sherehe. Wakapiga makofi walipoona trela. Nikashusha ubao wa nyuma, na nawaapia, watu wote wakainua macho juu, pale ambapo kichwa cha farasi hukaa, wakangoja. Halafu kwato zikasikika, na macho yakaanza kushuka, yakashuka, yakashuka, mpaka yakamfikia Sukari.

Ngoma zikanyamaza. Shangazi mmoja akauliza, "Mama yake iko wapi?"

Mama wa bwana harusi hakuuliza kitu, alisema tu, "Hii mbuzi," akafunika uso. Bwana Jayanti akaja polepole na bakora yake, mzee kuliko nilivyomkumbuka, akamtazama Sukari, akanitazama mimi toka kilembani mpaka viatuni. Ile hotuba yangu ya uso kwa uso sijui ilikwenda wapi. Nikatabasamu kama mtu aliyekanyagwa kwenye basi na anaona haya kulalamika.

Hapo kuhani wao akaonyesha saa yake, kwamba saa ya ndoa imeshachaguliwa kwa nyota na haingoji mtu. Bwana harusi, kijana wa miraba minne, aliyekulia Harrow, akajibu kwa Kiingereza chake kwamba sawa tu, twende, akapanda kigari. Springi zikalia. Magoti yakamfika kidevuni, upanga ukakosa pa kukaa akaukumbatia, na ngoma zikaanza tena, hapo hapo nyuma yetu.

Sasa fikirieni huyu mnyama. Maisha yake yote kelele kubwa aliyoijua ni wazee wakiimba nyimbo za dini mchana na chai. Masikio yakalala nyuma. Nikamshika, nikamsemesha, tukaenda hivyo hivyo hatua kwa hatua mpaka mbele ya mlango wa ukumbi, ambapo mama wa bibi harusi alikuwa anatungoja na sinia ya taa na maua. Kwao bwana harusi haingii hivi hivi. Mama mkwe anampokea mlangoni, anambariki, halafu anamkamata pua kwa utani ili asijione mkubwa sana, ndipo anaingia. Akiingia bila kupokelewa ni kama kasusa ukwe wenyewe.

Wapiga ngoma wakazidisha. Sukari akatazama kupitia mlango wa kioo. Ndani palikuwa na zulia, kimya, na mwisho wa zulia, nyanya wa bibi harusi, ameketi kwenye kiti cha magurudumu.

Niliyaona masikio yakisimama. Namjua yule mnyama, nilijua kabla ya mtu yeyote pale kinachotaka kutokea, nikavuta kamba kwa nguvu zangu zote, na nyonga ikanijibu, mkono ukaachia. Mlango wa kioo ukajifungua wenyewe kwa adabu zote. Mama mkwe akanyoosha mkono kutafuta pua akapata kilemba cha kijana, sinia ikaruka, na bwana harusi akaingia ukumbini kwa mwendo ambao ukoo wake haujawahi kuingia nao mahali. Kigari kikagonga nguzo. Kijana akatoka humo akateleza kwenye zulia kwa makalio, upanga kifuani, akaishia miguuni mwa wapishi. Sukari yeye akaendelea, kigari kimelala ubavu nyuma yake kwa gurudumu moja, mpaka kwa yule nyanya, akamlazia kichwa mapajani, akangoja karoti. Karoti haikuja, basi akaanza kula shada la maua shingoni mwa nyanya wa watu.

Na kwa kuwa mazulia alifundishwa kuyaheshimu, hakuchafua chochote. Aliyechafua ni mimi.

Watu walipiga kelele, halafu wakacheka, na kile kicheko nakisikia hata sasa nikiwa naoga. Kijana walimsimamisha, wakampangusa, wakamtoa nje aingie upya kwa miguu, na mama mkwe safari hii aliivuta ile pua kwa hasira ya kweli. Watoto wakapanga foleni kumpapasa Sukari, na watu wazima wenye mashahada nao wakapanga, wakipiga picha. Nyanya alikataa katakata farasi aondolewe. Mimi na kilemba changu nilisimama kando ya meza ambapo wageni wanaacha viatu, hakuna hata mmoja aliyenitazama, na Mama Ndinda ndiye alikuwa anaokota maua.

Walipoanza ibada ya ndoa yenyewe, ya moto na kuhani, nikamtoa Sukari kupitia mlango wa nyuma. Nilikuwa namfunga ndani ya trela niliposikia bakora kwenye lami.

"Mutiso," Bwana Jayanti akasema. "Kwenye simu, kwa nini wewe hapana sema?"

Nikamwambia ukweli, maana hapakuwa na kingine kilichobaki. "Niliogopa utatafuta mtu mwingine, mzee."

Akagonga chini na bakora. "Farasi nyeupe iko mingi London. Mimi natafuta Mutiso. Wewe sema iko panya tu, mimi nasema kuja na panya." Akaelekeza bakora ukumbini. "Mama ya kijana naweka viti mbili, meza ya jamaa. Yako na ya mama. Kuja kula."

Sasa hapa ndipo mnicheke vizuri, maana yale ya ndani yalikuwa ya farasi, haya ni yangu mwenyewe. Nilimjibu kwamba asante sana mzee, lakini mnyama huyu hawezi kuachwa peke yake kwenye trela. Mnyama anayelala usingizi ndani ya lifti! Akageuka, akarudi zake ndani taratibu. Mama Ndinda akaingia garini, na tuliondoka na njaa yetu, kilemba bado kichwani, tukaviacha viti viwili vitupu kwenye meza ya jamaa ya mtu aliyenitafuta kutoka Nairobi mpaka Harrow. Sikuwahi kumpigia tena. Namba yake ninayo.

Siku hizi nina farasi wadogo kadhaa, na simu ikilia, hata kabla ya salamu nasema: ni wadogo, wananifika kiunoni. Wengine wanakata. Wasiokata naenda kwao, na wakinikaribisha kula, nakaa, nakula.