Viti Viwili na Kioo Kilichoganda

Swali lenyewe lilikuwa la kitoto, ndiyo maana sikuthubutu kuliuliza ofisini: inakuwaje gari lisiloweza kukimbia linakufanya uhisi unapaa, na lile linalokimbia kweli linakuletea usingizi? Mimi ni mtu wa mifugo. Serikali ilinitoa Lushoto ikanileta Bariadi kuhangaika na kupe na chanjo, si magari. Lakini nina ugonjwa wa kutaka kujua kila kitu kinafanyaje kazi, na mtu akiniambia "acha hivyo hivyo," hapo ndipo ninapokwenda kutafuta spana.

Magari yote mawili yalikuwa uani kwa mama mkwe wangu, maana huku ndiko nilikooa. La kwanza lilikuwa la Kiingereza, la kijani kilichofifia, viti viwili tu, na paa la turubai lililokwisha kuliwa na panya. Marehemu baba mkwe alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha kuchambua pamba kule Maswa. Alilipata kwa meneja mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao, akatoa ng'ombe akachukua gari. Ndugu zake walidhani amechanganyikiwa, kwa sababu halikuwa na nafasi hata ya gunia moja la pamba. Kwa gari hilo alikwenda Lingeka kumchukua mkewe, na inasemekana ng'ombe wa ukweni walipolisikia walivunja zizi wakatawanyika porini. Nilimkuta mzee akiwa hai na akanifundisha kuliendesha. Alipofariki likabaki chini ya kibanda cha mabati, nami nikawa nalihudumia Jumamosi.

La pili lilikuwa la Kijapani, jekundu, la juzi juzi. Aliyelileta ni shemeji yangu, mtoto pekee wa kiume wa nyumba hiyo, anayefanya kazi mgodini. Aliliegesha pembeni ya lile la kijani, nasi tukasimama tunayatazama. Walikuwa ndugu kabisa. Pua ndefu, mkia mfupi, viti viwili, na ukikaa unakuwa chini kama umekaa kwenye kigoda. Nilifurahi mno siku hiyo, mke wangu akaniuliza kama nimepandishwa cheo.

Nilitumia likizo yangu kuyalinganisha. Ukifungua boneti ya la kijani unaiona ardhi kupitia kwenye injini. Kila waya unaonekana unatoka wapi na unakwenda wapi, na kitu kikiharibika unakinyooshea kidole. Ukifungua la jekundu unakutana na plastiki nyeusi iliyofunika kila kitu, kama sufuria ambayo mgeni hatakiwi kuchungulia. La jekundu unaliwasha kwa kubonyeza kitufe. La kijani unavuta choki, unasubiri, unalibembeleza, na asubuhi za baridi unalitukana kidogo.

Niliyapeleka yote mawili kwenye lami ya kwenda Maswa. La jekundu lilifika mia bila mimi kujua. Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza, muziki unaimba, na mashamba ya pamba yanapita dirishani kama picha za runinga. La kijani lilipofika sitini nilikuwa nimeushika usukani kwa mikono miwili. Upepo ulinijaa mdomoni, miguu ilikuwa inaungua kwa joto la injini, harufu ya petroli iko puani, na kila kokoto ya barabarani ilinipa habari zake viganjani. Basi nikapata jibu, au nusu ya jibu. La jekundu linakuficha mambo, la kijani linakuambia yote. Kasi ya kweli inakaa kwenye mshale wa dashibodi, na ile unayoihisi wewe ni kitu kingine kabisa.

Kitu kimoja tu kwenye gari la kijani kilinishinda. Kioo cha katikati, kile cha kutazama nyuma, kilikuwa kimekaa juu ya dashibodi kwenye shingo ya chuma, na shingo hiyo ilikuwa imeganda kwa kutu. Hakikutazama nyuma. Kilikuwa kimegeuzwa kuelekea kiti cha kushoto, cha abiria. Nilikipaka mafuta, nikakipasha moto, nikakigongagonga, na nilipoona shingo inataka kukatika nikaacha. Kwenye la jekundu kioo kinajipunguzia mwanga chenyewe, na ukirudi nyuma kamera inakuonyesha mpaka kuku aliyelala. Mara nyingi nilimlaumu marehemu moyoni: fundi mzima, unaendeshaje gari miaka yote bila kujua nani yuko nyuma yako?

Kumbe shemeji hakuja na gari jipya bure. Alikuwa amempata mtu wa Arusha anayenunua magari ya zamani na kuyatengeneza upya. Mtu huyo aliahidi kulirudisha la kijani lilivyokuwa siku linatoka kiwandani, kila msumari mahali pake. Shemeji hakuwa na nia mbaya. Alisema linaoza, mvua zinakuja, na mama amebaki na chuma cha marehemu kinachomliza kila akipita uani. Mke wangu na dada zake walikataa katakata. Nyumba ikagawanyika. Mimi sikuulizwa, maana mkwe hana kauli katika mali ya ukoo, ila niseme ukweli, niliumia kama vile wanataka kuuza mguu wangu.

Mama mkwe aliwasikiliza wote, kisha akasema atapanda yote mawili kwanza. Akishashuka atasema neno, na asije mtu kulirudia.

Tulijua neno lake litakuwa na uzito, kwa sababu alikuwa na kesi ya zamani na gari lile. Mke wangu amekua akimsikia mama yake akilalamika kwamba mzee alilipenda gari kuliko yeye. Mzee akishaingia mle ndani, mama alikuwa akisema, anatazama mbele tu kama ng'ombe wa plau. Unavaa vizuri, unakaa pembeni yake mpaka Maswa na kurudi, wala shingo haigeuki. Alikuwa anayasema hayo kwa kucheka, lakini aliyarudia mno kwa mtu anayetania.

Alianza na la jekundu, akiendeshwa na mwanawe. Waliporudi alishuka akiwa amekunjua uso, akasema ni gari zuri, halina kelele, amesinzia hata kabla ya kutoka mjini. Halafu akamwambia mke wangu, kwa sauti ya kutosha mimi nisikie nilipokuwa nimesimama mbali, kwamba kati ya viti viwili vile kuna ukuta mzima, una visahani vya kuwekea chupa na kisanduku cha kuegemeza kiwiko. "Waliolitengeneza hili," akasema, "waliwafikiria wakwe."

Watu walicheka, mimi nikiwemo, na hapa lazima nieleze kwa nini. Kwa Wasukuma, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hamshikani mikono, hamli pamoja, hamtazamani usoni. Mkikutana njiani mmoja anapisha pembeni. Heshima yetu ilikuwa ya mbali mno. Tangu nimuoe binti yake, salamu zetu zilipitia kwa mke wangu kama faili linalopitia kwa katibu muhtasi. Mwanzoni nilichukia, nikadhani hanipendi. Baadaye nikazoea, nikagundua kuwa kwa njia hiyo hatujawahi kugombana.

Sasa ikaja zamu ya la kijani. Shemeji aliingia, likamzimikia getini. Akawasha, likazimika tena. Gari lake ni la otomatiki, na gia ya kwanza ya la kijani haikubali mtu asiyejua kuibembeleza. Lilipopiga kelele ya meno kusagana, mama mkwe alifumba macho, nami nikasikia maumivu kwenye fizi. Mmoja baada ya mwingine wakanigeukia. Aliyekuwa anaweza kuliendesha pale uani ni mimi tu, na kati ya kiti na kiti hapakuwa na ukuta wowote. Palikuwa na breki ya mkono, nyembamba kama mpini wa mwiko.

Nilikataa. Shemeji alisema basi tuhesabu kwamba mama amepanda. Hapo mama mkwe akajifunika kanga kichwani, akaenda zake kushoto, akaingia na kuufunga mlango mwenyewe. Niliingia upande wangu nikijibana mlangoni mpaka nikahisi kitasa kwenye mbavu.

Tuliondoka. Yeye amegeuzia uso mashambani, mimi nimekodolea lami. Tulipolipita soko alizungumza, ila si na mimi. "Gari," alisema, "mwambie anayekuendesha kwamba mwendo huu ni wa kwenda msibani."

Nikaongeza mafuta. Nikamjibu kwa njia ile ile, nikaliambia gari limfahamishe mama kwamba injini bado haijapata moto. Hivyo tukaendelea, gari likipokea ujumbe wa pande zote mbili. Aliuliza kama lile bonde la mpunga lilikuwapo siku zote, akauliza kwa nini siku hizi haruki ruki kwenye kiti, nikaliambia gari limweleze kuhusu springi nilizobadilisha. Nilikuwa naanza kufurahia. Lakini kile kioo kilikuwa pale mbele yangu. Kila nilipoinua macho nilimwona uso mzima: mikunjo ya mashavu, nywele nyeupe zilizochomoza kwenye kanga, macho yanayotoa machozi kwa upepo. Nikiyakimbiza macho kulia, gari linakwenda kulia. Nikiyarudisha, ninamwona. Jasho lilinitoka, na gari likaanza kuyumba.

Aliliuliza gari kama limelewa.

Sikuwa na la kuficha. Nikaliambia gari lisamehewe, kioo chake kimeganda, kinamwonyesha dereva mtu asiyepaswa kumtazama.

Akaliambia gari lisimame.

Nilisimama pembeni, karibu na shamba la pamba iliyoanza kupasuka. Alishuka akazunguka gari, nami nikatoka haraka nikaenda kusimama ng'ambo ya barabara. Akakaa kwenye kiti cha dereva. Miaka yote aliyopanda gari lile, hakuwahi kukaa upande huo. Alijinyoosha kwa sababu ni mfupi, akatazama kioo. Halafu akashuka, akavua kanga, akaitundika juu ya kiti cha kushoto, pale kichwa chake kinapokuwa. Akarudi kukaa, akatazama tena.

Mabasi mawili yalipita yakitupigia honi. Yeye hakugeuka. Alikuwa ameweka mikono miwili kwenye usukani, anatazama juu kidogo, na mabega yakaanza kutikisika. Nilitazama pamba.

"Baba," aliniita, na ilikuwa mara ya kwanza aniite mwenyewe. "Wewe ni fundi. Kutu inaweza kukigeuza kioo?"

"Hapana, mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma. "Kutu inakigandisha tu. Kugeuza aligeuza mtu."

Alitikisa kichwa taratibu. Aliniambia mwanamume wa wakati ule hakumtazama mkewe mbele za watu, angechekwa, na gari lile waliliendesha paa likiwa limekunjwa. Alisema amekaa na uchungu wa kutotazamwa hadi kumzika, maana yeye hakuwahi kukijali kioo hicho. Akajifuta uso kwa kiganja, akaichukua kanga yake, akarudi kushoto. Njia nzima ya kurudi hakulituma tena gari, wala mimi sikulituma.

Tulipofika uani, shemeji alikuja na simu mkononi, mtu wa Arusha akisubiri jibu. Mama mkwe hakushuka. Mimi nilishuka, naye akamwonyesha mwanawe kiti changu akamwambia akae.

"Huyo mtu amesema atalirudisha lilivyokuwa siku linatoka kiwandani," alimwambia. "Siku hiyo kioo hiki kilikuwa kinatazama nyuma."

Shemeji hakuelewa. Aliinua macho kwenye kioo kutaka kuona anaambiwa nini, na akamkuta mama yake mle ndani. Alikaa hivyo, simu ikiita jina lake kwa sauti ndogo, mpaka akaikata bila kuiangalia.

Jumamosi iliyofuata nililipaka la kijani mafuta ya kulainisha: bawaba, vitasa, nyaya za breki, kila chuma kinachopaswa kuzunguka. Nilipofika kwenye shingo ya kile kioo, nikaifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, nikaiacha hivyo hivyo.