Kwenda Kimwani kwa Breki za Baba Mdogo

Niliondoka nyumbani kwa sababu dada yangu Adventina alikuwa mgonjwa Kimwani, na habari zilizotufikia Kashozi zilisema wakwe zake wamemhamishia jikoni. Mumewe, aliyekuwa akinunua samaki kisiwani Bumbire na kuwauza Muleba, alikufa mwaka uliotangulia kwa UKIMWI, ule ugonjwa ambao kwetu tuliuita Juliana, na tangu hapo watu walikuwa wakimtazama mjane wake kwa jicho la kuhesabu siku. Mama alisema mwanawe aletwe nyumbani angali hai. Mimi nilikuwa muuguzi wa zahanati ya parokia, na zahanati ilikuwa imepata pikipiki. Basi nikawa mtu wa kwenda.

Pikipiki yenyewe nilikuwa nimeijua kwa wiki mbili tu. Ilitoka Ulaya, na breki zake hazikuwa za kawaida. Ukikanyaga pedali ya mguu, gurudumu la nyuma linashikwa, na la mbele nalo linashikwa kidogo, kwa sababu kuna waya unaoziunganisha breki mbili. Breki ya mkono ipo pia, ya kuongeza nguvu mbele unapotaka kusimama kabisa. Padre aliyeileta alinifundisha uwanjani: kanyaga taratibu, kisha ongeza; usikanyage ghafla; maliza kupunguza mwendo kabla ya kona, wala si ndani ya kona. Nilielewa.

Tatizo lilikuwa baba mdogo Laurian. Ukoo uliamua kwamba mwanamke hawezi kwenda peke yake, kwa hiyo yeye akawekwa nyuma yangu kama msindikizaji. Baba mdogo aliwahi kupanda pikipiki mara moja maishani, wakati wa vita, pikipiki iliyoachwa na wanajeshi njiani. Alishika breki ya mbele akarushwa mtaroni. Vita vikaisha, wenzake wakajenga upya nyumba zao, yeye akabaki anasimulia breki ya mbele.

Asubuhi tulipoondoka Kashozi alianza kabla hata sijaingiza gia ya pili.

"Koleta, mwanangu, ya mbele usiiguse."

"Baba, hii imeunganishwa. Nikikanyaga ya nyuma, ya mbele inakuja yenyewe."

"Ndiyo maana nasema," akajibu, na sikuelewa anasema nini.

Tulipopita Bukoba mjini pedali niliiona nyepesi kuliko nilivyoizoea. Nikadhani ni kwa sababu tuko wawili. Nilisimama dukani nikanunua glukosi na sabuni, nikavitia kwenye mfuko wenye chupa mbili za maji ya dripu nilizotoka nazo zahanati, tukashika barabara ya kusini.

Kutoka hapo safari ikawa ya kusimama. Kwetu ukikuta msiba kando ya njia hupiti ukiwa umekaa juu ya chombo. Unashuka, unazima, unasukuma kwa miguu, unatoa pole, unapanda tena mbele. Desturi nzuri, na mimi nimelelewa nayo. Lakini miaka ile misiba ilikuwa kila baada ya migomba michache. Tulishuka, tukasukuma, tukapanda, tukashuka. Mahali pamoja tulisukuma kutoka msiba mmoja hadi mwingine bila kupanda. Jasho lilinitoka, jua lilikuwa limeshapanda, na baba mdogo, ambaye hakusukuma hata mara moja kwa sababu alikuwa na kazi ya kutoa pole, aliniambia nina haraka kama mtu asiye na kwao.

Kwenye mteremko wa kuelekea Kemondo ndipo nilipoona kilichokuwa kikiendelea. Barabara ilikuwa ya moramu, changarawe juu juu, na mbele kulikuwa na kona. Nilikanyaga mapema, taratibu, nikaongeza. Gurudumu la nyuma likajifunga, likaanza kuteleza upande, na mbele hapakushika kitu. Baba mdogo alinikumbatia kiunoni akaita watakatifu kwa Kihaya. Niliachia pedali, nikaikanyaga tena kidogo kidogo, nikiogopa kubana ya mkono peke yake kwenye changarawe, lakini kona ilishafika. Tuliingia kwenye kibanja cha mtu, shamba la migomba na kahawa, tukalala chini ya mibuni, pikipiki ikiwa juu ya mguu wa baba mdogo na chupa moja ya maji ya dripu ikiwa imepasuka mfukoni.

Tulipojikagua na kuona hakuna aliyevunjika, niliinama kutazama breki. Ule waya wa kwenda mbele ulikuwa umechomolewa kwenye pedali, ukakunjwa vizuri, ukafungwa pembeni kwa kamba ya mgomba.

Nilimtazama. Akatazama mibuni.

"Nani amefanya hivi?"

"Nilikuokoa, mwanangu. Ya mbele inaua."

"Baba, tungekufa sasa hivi kwa kukosa hiyo ya mbele!"

"Lakini hatukufa," akasema, akajipangusa suruali. "Ningeiacha, tungerushwa."

Nilikasirika. Mtu niliyemheshimu tangu nizaliwe anachomoa breki usiku bila kuniambia, kisha anataka shukrani. Nilitoa koleo, nikarudisha waya, nikamfanya asukume pikipiki hadi barabarani peke yake. Akasukuma. Kisha nikapanda na kushuka kipande kile kile cha mteremko bila yeye, mara kadhaa, hadi mguu wangu ukajua tena kiasi cha kukanyaga. Alisimama chini ya kona akinitazama, kofia mkononi.

Muleba tulipita mchana tukanywa chai ya rangi, yeye akichechemea kidogo na kuhakikisha naona.

Kimwani tulifika jua likielekea kuzama. Mama mkwe wa Adventina alitupokea kwa heshima zote, akatukaribisha viti, akatuma ndizi ziletwe. Nikauliza mgonjwa yuko wapi. Akaelekeza midomo nyuma ya nyumba, akatuita kwa neno letu la heshima.

"Huko kuna joto, waitu. Tulimwona anatetemeka."

Dada yangu alikuwa amelala kwenye mkeka kati ya kuni na mawe ya moto. Chakula chake kilikuwa kimewekwa mlangoni, mbali na mkono wake. Nilimnyanyua, na uzito wake ulinitia hasira kuliko waya ule. Akanitambua.

"Umekuja na nini?"

"Pikipiki."

"Nani anaendesha?"

"Mimi."

Akafumba macho. "Basi nitafia njiani," akasema, na nusu alikuwa anatania. Nilimwekea chupa ya dripu iliyobaki, nikamwogesha, nikalala pale pale jikoni.

Asubuhi ya pili tulimweka katikati, kifua chake mgongoni kwangu, baba mdogo nyuma yake akimshika kwa mikono miwili, kanga ikitufunga mimi na dada. Hakuweza kujishikilia hata kidogo. Kila nilipopunguza mwendo kichwa chake kiliegemea bega langu, nikajua kwamba nikikanyaga ghafla ataniponyoka. Basi nilianza kushika breki mapema mno, pikipiki ikiwa wima, gia ikishuka, pedali kwanza kama ninaigusa tu, kisha uzito wa mguu wote, mkono ukisaidia mwishoni. Nilimngoja baba mdogo anifundishe. Yeye alikazana tu kumshika mgonjwa hadi Muleba.

Juu ya Kemondo watu walitokea kibanjani ghafla wamebeba jeneza, wakaijaza barabara. Nilikanyaga, breki zote mbili zikashika pamoja, tukasimama wima hatua chache mbele yao. Adventina alikuwa amesinzia. Hakuamka.

Nikabaki nimekwama. Desturi inasema tushuke, na huyu hawezi kushuka. Nilianza kufungua kanga, nimechoka hadi machozi. Mzee mmoja kati ya wabebaji akamtazama dada yangu, akamtazama baba mdogo, akasema kwa sauti ya chini, "Pitisheni mgonjwa. Wetu hana haraka tena." Wakasogea pembeni na jeneza lao begani, wote, wakasimama kutungoja. Baba mdogo akavua kofia. Mimi nilipita katikati yao nimekaa, nikitoa pole kushoto na kulia.

Kashozi tulifika mchana. Mama alimlaza Adventina kitandani kwake, akamnywesha uji kijiko kwa kijiko. Majirani walipojaa sebuleni, nikamsikia baba mdogo akiwasimulia jinsi alivyonifundisha kutumia breki zote mbili, kwamba siri ni kukanyaga mapema, na kwamba watu wanaogopa ya mbele kwa ujinga tu. Nilinyanyuka niende nikamkatize mbele yao wote.

Kutoka chumbani kwa mama nikasikia kicheko. Kilikuwa kidogo, kikakatishwa na kikohozi, kikaanza tena.

"Mwache aendelee," Adventina akaniita. "Mwambie aongeze sauti, huku hatusikii vizuri."

Safari ile ilinifundisha breki, na ilinifundisha kunyamaza, ambako kwangu ni kugumu zaidi. Nilirudi sebuleni nikakaa. Nikamwomba baba mdogo aanze upya.